Siku ya Kufungua Begi

Matarumbeta yaliingia Mtaa wa Mafia saa kumi kasorobo alasiri, na kwa kuwa ndoa yenyewe ilikuwa ya siri, yalipigwa kwa nguvu zote.

Siri hiyo aliipanga Bi Badria, mama yake Ismail. Mpango ulikuwa hivi: Ijumaa Sitara aolewe kimyakimya, cheti cha ndoa kilazwe chini ya godoro, halafu Jumatatu bibi harusi apande basi kwenda chuo cha polisi kama msichana asiye na mume. Kwa nini asiye na mume? Kwa sababu fomu ya chuo ilisema wazi kwamba kuruta asiwe ameolewa, na asiolewe mpaka amalize miezi tisa ya mafunzo na miaka miwili ya kazi juu yake. "Nani atajua?" aliuliza Bi Badria. Kisha, ili watu wasiseme mwanawe anaoa kinyonge, akakodi matarumbeta, akaalika wanawake wa mitaa mitatu, na akawashonea sare za dera la zambarau watunza siri arobaini na saba.

Sitara alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, amekunja ngumi zote mbili. Mbele yake Shangazi Mwanaidi, dada wa baba yake, alishika kibakuli cha piko na kijiti cha kuchorea.

"Fungua kiganja, mwanangu."

"Sifungui, Shangazi. Karatasi ya chuo imesema mtu asiwe na mchoro mwilini."

"Hiyo ni tatuu. Hii piko, inatoka yenyewe baada ya wiki mbili."

"Jumatatu si wiki mbili."

Shangazi Mwanaidi alimtazama. Mwanamke huyu alikuwa ameolewa mara tatu na kuachika mara mbili, na waume wote watatu alikuwa akiwataja kwa heshima kama mtu anayetaja nyumba alizowahi kupanga. Akaweka kibakuli chini.

"Niambie kweli. Ismail humtaki?"

Hapo ndipo penyewe. Laiti angekuwa hamtaki, mambo yangekuwa mepesi kama kufunga mlango. Sitara alimtaka Ismail mpaka akiona begi lolote barabarani moyo unamwenda mbio, kwa maana Ismail alikuwa muuza mabegi Mtaa wa Kongo, kijana mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuvuta zipu ya kila begi mara tatu kabla hajamkabidhi mteja. Moja, mbili, tatu. Sitara aliwahi kusimama ng'ambo ya barabara nusu saa nzima, anajifanya anachagua ndizi, kumbe anatazama vidole vinavyovuta zipu.

"Namtaka," alisema. "Ila chuo nimekitafuta miaka mitatu."

Na kweli alikitafuta. Mwaka wa kwanza jina halikutoka. Wa pili likatoka, akafika kwenye usaili, mbio zikamtupa nje. Tangu hapo kila alfajiri alishuka mbio mpaka Jangwani na kurudi, wauza maandazi wakimjua kwa jina, mbwa wakichoka kumbwekea. Mwaka huu jina lilitoka, namba mia mbili na kumi na nne, na Sitara alilisoma kwenye simu mara nyingi hata kioo kikaota ukungu kwa pumzi zake.

Jumamosi ndiyo aliyokwenda dukani kwa Ismail na karatasi zake zote mkononi: orodha ya vitu ambavyo kuruta anatakiwa aende navyo, na fomu ya wadhamini. Fomu hiyo ilitaka sahihi mbili, ya mzazi na ya mtu mwingine asiye ndugu. Mzazi, yaani baba yake, Mzee Mwinyimvua, alikuwa ameshakataa mara tatu.

"Miaka mitatu kasoro, Sitara," Ismail alisema siku hiyo, amesimama kati ya mabegi yaliyopangwa hadi darini. "Nitakuwa nimeota kipara."

"Utanunua kofia."

"Nakuongelesha mambo ya maana."

"Na mie nakujibu ya maana. Sitaapa mbele ya afande kwamba sijaolewa huku nimeolewa. Kazi ya kukamata waongo naianzaje kwa uongo?"

"Mama ameshapanga Ijumaa."

"Mama yako akiolewa Ijumaa nitakuja kumpigia vigelegele."

Ismail hakucheka. Alizichukua zile karatasi juu ya meza, akazikunja, akazitia mfuko wa shati. Macho yake yalikuwa na kitu ambacho Sitara hakuweza kukisoma, na yeye huwa anayasoma vizuri kuliko karatasi yoyote.

"Nipe karatasi zangu."

"Nikizichana je?"

"Zichane. Orodha nimeshaikariri. Fomu nitaitoa nyingine. Na wewe nitakukariri, usijali, usije ukadhani utanisumbua."

Akatoka. Alimsikia akimwita, mara moja tu, taratibu, "Sitara," jina zima, kama mtu anayeonja kitu cha moto. Hakugeuka. Shingo ilimuuma mpaka usiku kwa kule kutogeuka. Na tangu Jumamosi hadi leo Jumatano, simu haikulia, ujumbe haukuja.

Matarumbeta yalinyamaza mlangoni. Ukumbi wa nyumba ulijaa zambarau. Sitara akasimama.

"Unakwenda wapi?" Shangazi aliuliza. "Bibi harusi haonekani siku ya begi la bwana harusi kufunguliwa."

"Ndo naenda nikaonekane."

Akafunua pazia, akaingia ukumbini kichwa wazi, miguuni raba zake za mbio zilizochakaa. Gumzo likakatika. Katikati, juu ya mkeka, lilikuwa begi jipya la bluu, kubwa, magurudumu yanang'aa, na sinia ya halua iliyoletwa pamoja nalo. Bi Badria alikuwa amekaa kando yake kwenye kiti pekee, mnene, mzuri, dhahabu masikioni. Bi Trupti, jirani Mhindi mwenye duka la fotokopi chini ya ghorofa la pembeni, naye alikuwa amevaa zambarau yake, miwani imening'inia kifuani kwa mkufu. Harusi za mtaa huo zote huhudhuria, na vigelegele vyake hata wazawa wa uswahilini walikuwa wakivihusudu.

"Shikamooni," Sitara alisema.

"Marahaba," wakaitika kwa mashaka.

"Mama Badria, nisamehe. Mwanao nampenda, na hilo sitalikana hata nikishikwa koo. Lakini Ijumaa siolewi. Jumatatu naripoti chuoni nikiwa hivi nilivyo. Kama kuna mtu ameshona dera, alivae Iddi."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Barazani, ambako wanaume walikuwa wakinywa kahawa, vikombe viliacha kugongana.

Bi Badria hakupandisha sauti. "Mwanangu," alisema, "mie nimezika mume. Nina mtoto mmoja. Nataka nimshike mjukuu kabla magoti haya hayajanitoroka. Wewe unaniambia unakwenda kucheza kwata miezi tisa. Wenzio miezi tisa wanarudi na mtoto mgongoni, wewe utarudi na kirungu."

"Nitarudi na kazi, Mama."

"Kazi ya kukimbizana na wezi sokoni."

"Soko hilihili ulilolia siku ile ulipokwapuliwa pochi."

Ukumbi ukafanya "mmh" ya pamoja, ile ya kupima uzito. Bi Badria akasogeza kiti mbele.

"Vizuri. Umekataa. Basi hatuondoki kimyakimya. Mwanaidi, fungua begi. Litolewe kitu kimoja kimoja, kama ada, aone anachokikataa. Na nyie, kila kitu kikitoka, vigelegele. Nataka visikike mpaka Upanga."

Hivyo ndivyo begi lilivyofunguliwa kwa hasira. Shangazi Mwanaidi, aliyekuwa amemfuata Sitara, akapiga goti, akavuta zipu, akaingiza mkono.

"Shuka," akatangaza, "nyeupe, mbili."

Vigelegele vya kukomoa vikapaa hadi mabati yakaitikia. Ila Bi Badria alikunja uso kidogo. Yeye juu kabisa alikuwa ameweka doti za kanga. Akajisemea labda Ismail ameongeza.

"Chandarua. Kimoja."

Kicheko kikashuka. "Bwana harusi hataki mbu wamsumbue kazini," akasema mmoja, na vigelegele vikapigwa upya. Wanawake walikuwa wameanza kufurahi kweli.

Sitara peke yake hakucheka. Shuka nyeupe mbili. Chandarua kimoja. Alikuwa anaujua wimbo huu. Alikuwa akiuimba kila alfajiri akikimbia Jangwani, mstari kwa mstari, kwa kufuata hatua za miguu yake.

"Taulo la bluu," alisema kwa sauti ndogo.

Shangazi Mwanaidi akatoa taulo. La bluu.

Akageuka kumtazama. Ukumbi nao ukageuka.

"Sabuni ya kufulia," Sitara akasema, "miche sita."

Miche sita ikatoka, imefungwa kwa kamba.

"Sahani ya bati na kikombe chake. Dawa ya viatu, nyeusi. Brashi mbili."

Vikatoka kimoja baada ya kingine, na kila kimoja Shangazi alikiinua juu kama ada inavyotaka, maana alikuwa mwanamke wa kufuata taratibu hata nyumba ikiungua. Hakuna aliyepiga kigelegele kwa dawa ya viatu. Hawakujua kama ni halali. Kisha akainua kitu cha kitambaa, cha bluu iliyokoza, kipana.

"Hii ya ndani?" akauliza.

"Ya ndani ya nani, mbona inaning'inia hivyo?" mtu akajibu.

"Bukta," Sitara akasema. "Bukta mbili za bluu. Na traksuti, na raba jozi moja."

Raba zilikuwa mpya, saizi thelathini na tisa. Hajawahi kumwambia Ismail saizi ya mguu wake. Kumbe ile nusu saa ya ng'ambo ya barabara, hakuwa akitazama peke yake.

Bi Badria alikuwa amesimama. "Hili si begi langu."

"La kwako ni pacha wake," sauti ikasema mlangoni.

Ismail alikuwa ameegemea kizingiti, shati limeloa mgongoni, kwa kuwa begi lile alilivuta mwenyewe nyuma ya matarumbeta toka Mtaa wa Kongo wala hakuruhusu mtu aliguse. Mwanaume haingii ukumbi wa wanawake siku ya begi, kwa hiyo vidole vya miguu aliviacha nje na maneno ndiyo yaliyoingia.

"Ismail," mama yake akasema, "umenifanyia nini mbele ya watu?"

"Nimeleta begi, Mama. Kuna vitu anavihitaji Jumatatu. Dhahabu haihitaji Jumatatu, watamvua getini."

"Ulisema huwezi kungoja."

"Nilisema nitaota kipara. Nimeambiwa ninunue kofia."

Hapo ndipo alipomtazama Sitara. Siku nne za simu isiyolia zilikuwa ndani ya mtazamo ule, na Jumamosi yote, na zipu zote. Sitara alihisi uso unawaka moto, akaushikilia hivyo hivyo ulivyo, wazi, wauone wote arobaini na saba.

"Mfuko wa ndani," Ismail akamwambia Shangazi. "Wa zipu."

Shangazi Mwanaidi akatoa bahasha. Ndani yake ilikuwamo orodha, kila kitu kimewekewa alama ya kalamu pembeni, na fomu ya wadhamini. Maandishi yalikuwa madogo na Shangazi hakuja na miwani, kwa hiyo karatasi ikapita mikono mitatu mpaka kwa Bi Trupti. Yeye hakuonyesha mshangao hata chembe. Alivaa miwani, akasoma kana kwamba anamsomea mteja.

"Mimi, Ismail, mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo, nathibitisha kwamba namfahamu mwombaji, kwamba hajaolewa, na ninadhamini kwamba hataolewa mpaka muda uliotajwa hapo juu utakapokwisha."

"Bi Trupti, wewe ulijua?" Bi Badria akauliza.

"Alikuja kutoa kopi juzi Jumatatu."

"Hukuniambia."

"Si uliniambia mimi ni mtunza siri? Nikatunza."

Kumbe katika watunza siri wote wale wa zambarau, mwenye kutunza alikuwa mmoja.

"Kuna mstari mwingine," Bi Trupti akaendelea. "Wameuliza, uhusiano wako na mwombaji ni upi. Amejaza." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya dera, akaivaa tena. "Ameandika: *Namngoja*."

Safari hii hata waliokuja kukomoa walisogea mbele ili waione karatasi.

Mzee Mwinyimvua alitokea nyuma ya Ismail, kikombe cha kahawa bado mkononi. Miaka thelathini alipakua meli bandarini, na tangu astaafu alikuwa mtu wa maneno machache, kama aliyeyaacha mengine ghalani. Alinyoosha mkono. Karatasi ikapitishwa mpaka kwake. Aliisoma polepole, midomo ikicheza.

"Baba," Sitara akasema, "hata ukikataa mara ya nne, Jumatatu nitakwenda nikasimame getini bila sahihi. Watanifukuza wao, si wewe."

"Nimesikia." Mzee alimtazama Ismail toka kichwani hadi miguuni. "Kijana, hii umetia sahihi ya kumkosa."

"Ya kumkosa kwa muda, Mzee."

"Ukichoka katikati?"

"Nitakaa chini. Duka lina kiti."

Mzee Mwinyimvua akanywa funda la kahawa. "Niliogopa watu watasema namtupa binti yangu," alisema, si kwa mtu yeyote hasa. "Sasa aliyekuja kumchukua ndiye anayemwachia aende. Mimi nimshikilie kwa lipi." Akamgeukia Bi Trupti. "Kalamu unayo?"

Mwenye duka la fotokopi akose kalamu? Alikuwa nazo tatu. Mzee akaiweka fomu ukutani, akatia sahihi, herufi zake kubwa kama za kwenye makasha ya bandarini.

Bi Badria alikuwa akikusanya mtandio wake. "Turudishieni sinia ya halua," alisema. Hakuna aliyecheka, maana machozi yalikuwa yamemtoka na alikuwa anayafuta kwa dharau, kama jasho. Alipofika mbele ya Sitara akasimama. "Sijakubali."

"Najua, Mama."

"Nikifa kabla sijamwona mjukuu?"

"Usife. Nitakuja likizo nikukague."

Bi Badria akamkazia macho kwa muda mrefu. Kisha akainama, akaokota raba moja mpya, akabonyeza ncha yake kwa kidole gumba, kama mama anayempimia mtoto kiatu cha shule. "Zinakubana hizi. Kavae na soksi nyepesi," akasema, akatoka. Sinia aliisahau.

Wanawake wakaanza kuinuka kwa kusitasita, hawajui wamehudhuria nini. Ismail akaruhusiwa hatua mbili ndani, alifunge begi lake. Akapanga vitu upya, shuka chini, raba pembeni, Sitara amechuchumaa ng'ambo ya begi, uso kwa uso, kifuniko kikiwakinga kidogo na macho ya watu.

"Lile la mama liko dukani, juu ya kabati," Ismail alinong'ona. "Halijaguswa. Ufunguo wake huu hapa."

"Kaa nao wewe. Huko hawataki vyuma mwilini."

"Miaka mitatu kasoro."

"Kasoro miezi mitatu. Ihesabu vizuri, usije ukanipunja." Akamtazama bila kupepesa. "Na akija msichana dukani, mzuri, akauliza bei ya lile la juu ya kabati?"

"Nitamwambia haliuzwi."

"Akisisitiza?"

"Nitamwambia mwenyewe ni askari."

"Umwambie na hili: nitakuja na pingu. Na sitakuja kumkamata yeye."

Ismail akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Akavuta zipu. Moja. Mbili. Ya tatu akamwachia Sitara, na vidole vyao vikagusana juu ya kile kichuma kidogo kwa muda mrefu kuliko zipu yoyote inavyohitaji. Shangazi Mwanaidi aliyaona yote akageukia ukuta, akasoma kalenda ya mwaka juzi.

Kiongozi wa matarumbeta akachungulia mlangoni, shavu moja bado limevimba. Walikuwa wamekodiwa mpaka magharibi. "Samahanini, wenye shughuli. Tupige au tuondoke?"

Kila mtu akamtazama Mzee Mwinyimvua. Mzee akamtazama binti yake.

Sitara akasimama, akashika mpini wa begi la bluu, akanyoosha mgongo.

"Pigeni," akasema. "Ila pigeni ya kwata."

Wakapiga. Magurudumu ya begi yakabingiria ukumbini kufuata mguu wa kushoto, wa kulia, raba chakavu zikigonga sakafu. Na Shangazi Mwanaidi, ambaye bado alikuwa na kopo la dawa ya viatu mkononi kwa kuwa walisahau kulirudisha begini, akaliinua juu kama ada inavyotaka, akapiga kigelegele ambacho Bi Trupti alikidaka kabla hakijafika darini, na wale arobaini na tano waliobaki wakafuata.